Chuo cha Kwanza, Chuo cha Pili, na Shamba la Bwegera

Swali nililoulizwa mara nyingi kuliko yote kwenye dirisha la ofisi yetu halikuhusu kesi. Mtu alikuja kuuliza siku ya kusikilizwa, akajibiwa, akageuka kuondoka, kisha akarudi na kusema kwa sauti ya chini, "Papa Grefye, kuna kijana wetu anataka kusoma sheria. Chuo cha kwanza ni kipi?" Grefye ni karani wa mahakama, kazi niliyoiacha kabla ya umri wa kustaafu kwa sababu ya macho, na ninyi mlioketi sasa kwenye viti vyetu mtaulizwa vivyo hivyo. Naandika ninayoyajua, nikifuata miaka jinsi ilivyopita. Habari za kupandishwa vyeo na za mishahara naziacha. Za kwanza ni fupi, na za pili mnazijua wenyewe.

Mimi sikusoma sheria katika chuo chochote. Niliingia mahakama ya mji wetu, Uvira, nikiwa na diploma ya sekondari na mwandiko unaosomeka, na nadhani kilichoajiriwa ni huo mwandiko. Siku yangu ya kwanza mkuu wa makarani, Papa Mulenda, alinikalisha mbele ya mashine ya kupiga chapa ambayo herufi yake ya e ilikuwa imekatika mkia, akaweka hukumu ya kunakiliwa, kisha akaushika mkono wangu kabla haujagusa kitu.

"Kwanza soma," alisema. "Tafuta huyu mulalamishi anataka nini. Ukishajua anataka nini, hii Kifaransa yote itapata mahali pa kukaa."

Ndivyo nilivyosoma sheria: hukumu baada ya hukumu, nikifuata kila kifungu kilichotajwa hadi kwenye kitabu chake, ambacho Papa Mulenda alikuwa amekifunika kwa gazeti kama kitabu cha mtoto wa shule. Ni njia ndefu na ina mashimo. Hadi leo kuna sehemu za sheria ya biashara ambazo sizijui kwa sababu hapakuwa na mfanyabiashara aliyeshtakiwa kwazo Uvira. Mwenye njia nyingine aifuate hiyo nyingine.

Kesi zetu nyingi zilikuwa za mashamba ya mpunga kwenye bonde la Ruzizi, na kwa kesi hizo mahakama ilishuka shambani. Alikwenda hakimu, karani, mawakili, pande mbili, na majirani wote ambao hawakuitwa. Asiyejua bonde hudhani kwamba mpaka wa shamba ni kitu kilichotulia. Kule mpaka ni mfereji wa maji, na mfereji lazima usafishwe kila msimu. Sasa, mtu anaposafisha mfereji anaopakana na jirani, jembe lake halili ukingo wake mwenyewe. Linakula ukingo wa ng'ambo, kidogo, kiasi cha kiganja. Msimu unaofuata jirani akitangulia kusafisha, naye hufanya hivyo hivyo upande huu, na mfereji unarudi. Lakini jirani mmoja akiugua, au akikimbia vita, mfereji unatembea kuelekea upande mmoja tu, na anaporudi hakuna aliyemwibia, ila shamba lake limepungua.

Papa Mulenda alikuwa na namna yake ya kuwapima mawakili wapya. Hakuwauliza walisoma wapi. Alingoja siku ya kushuka shambani, akatazama wanamuuliza nani. Wengi waliwauliza wanaume waliosimama ukingoni wakiwa na viatu vikavu. Wachache walivua viatu wakaenda kwa wanawake waliokuwa wakipandikiza miche. "Mwanaume anajua mpaka wa babu yake," Papa Mulenda aliniambia. "Mwanamke anajua mpaka wa msimu huu, ju ni mugongo wake njo uliinama pale." Nilijaribu kwa miaka mingi kuona kama waliovua viatu walitoka chuo fulani. Sikuona. Walitoka kila mahali, na kila mahali walikuwa wachache.

Mjini hata hivyo vyuo vilikuwa na nafasi zake, ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila mtu alizijua kwa kichwa. Nilichukua muda kugundua zilipangwa na nani. Rais wa mahakama, yaani hakimu wetu mkuu, alipokuwa mtu aliyesoma Lubumbashi, Lubumbashi ilikuwa ya kwanza. Alipohamishwa na kuja aliyesoma Kisangani, Kisangani ilipanda, na watu wale wale waliapa kwamba imekuwa juu tangu zamani. Hakuna mwalimu aliyekuwa amehama, wala kitabu kilichoongezwa. Familia zilichukua nafasi hizo kama matokeo ya mtihani, na kuna waliowapeleka watoto wao upande mmoja wa nchi kwa sababu ya mtu ambaye, watoto walipomaliza, alikuwa ameshahamia mji mwingine.

Kisha vita vikaja. Vya kwanza vilichukua mabenchi yetu, yakawa kuni za kupikia. Vya pili vilichukua nchi, vikaikata katikati. Sisi tulibaki upande wa waasi, na Kinshasa ikawa mahali pa kusikia kwenye redio. Mahakama ilifunga, ikafungua, ikafunga tena. Papa Mulenda alikwenda kwao milimani na hakurudi. Nilisikia alikufa kwa ugonjwa, na nimeamua kuamini hivyo. Tulipofungua, tulikuta watu wenye kesi wamekaa uani wakitungoja, baadhi yao wakiwa na kesi zile zile za mfereji. Vita havikuwa vimewapunguzia hata moja.

Katika miaka hiyo alikuja dirishani Papa Sebastiani, mkulima wa mpunga wa Bwegera. Tulifahamiana kwa sababu majirani zake walimwita mara nyingi kuwa shahidi. Alikuwa mtu asiyeongeza neno. Binti yake Esperansi alikuwa amemaliza sekondari na alitaka sheria. Jamaa walikuwa wanakutana Jumapili baada ya misa, na Papa Sebastiani aliniomba niende, kwa kuwa mimi niko mahakamani kila siku. Nilikwenda na lori la chumvi.

Kabla sijapewa kiti, mdogo wake Melki alinianza.

"Grefye, weye uko pale kila siku. Sema tu. Chuo ya kwanza ni gani?"

"Ya kwanza kwa nini?" niliuliza.

"Ya kwanza! Kama mu kilasi. Kuko wa kwanza, kuko wa mwisho. Ao mahakamani hamujue kuhesabu?"

Watu walicheka. Papa Sebastiani hakucheka.

"Minye niko na shamba moja ya kuuzisha," alisema. "Kile kipande kya kando ya nyumba kitatulisha, lakini shamba yenye inaleta franga ni moja. Kama iko chuo ya kweli, nauzisha. Kama ni ya kuchezea, nabaki na mpunga yangu. Njo maana nimekuita."

Jambo lilikuwa hilo, na kila mtu kwenye ua ule alilielewa. Wakikosea, shamba limekwenda, na binti amerudi nyumbani bila kitu. Melki alitaka wangoje vita viishe ili Esperansi aende Kinshasa, kwa sababu jina la Kinshasa linajulikana. Shangazi mmoja alitaka Bujumbura, kwa sababu ni karibu, mtu anavuka mpaka pale Kavimvira na jioni anaiona Uvira ng'ambo ya ziwa. Mtu mwingine alitaja chuo kilichokuwa kimefunguliwa Rugenge, katikati ya mji wetu.

"Rugenge?" Melki alisema. "Si banafundishia mu depo ya mchele! Mule panya njo bibliotekere, njo benye kuchunga vitabu."

"Acha mutoto aongee," mama yake Esperansi alisema kutoka jikoni. "Mumemuitia kikao kama maiti."

Esperansi alisimama. Alikuwa mrefu, na aliongea akitazama mahali pamoja ukutani.

"Vita, hakuna anayejua vitaisha lini, ba papa. Nikingoja Kinshasa nitakuwa mzee mbele ya kuanza. Bujumbura nasikia banafundisha muzuri, lakini sheria ya ndoa na ya udongo ya kule ni ya kule. Inabaki Bukavu na Rugenge. Bukavu njia ni mubaya. Rugenge hakuna njia, unapanga mu muji, unatembea tu. Lakini sijue ndani kuko nini."

Hili la Bujumbura nililithibitisha. Tulikuwa tumemsikia wakili mmoja aliyesoma ng'ambo, mwenye kuongea vizuri kuliko wote, akitetea mjane kwa kifungu kilichowafanya watu wanyamaze. Hakimu alimwacha amalize, akamwambia, kwa jina tunalowaitia mawakili wote, "Metre, kifungu ni kizuri. Ningependa tuwe nacho." Kilikuwa cha nchi nyingine. Wakili alicheka kuliko sisi sote, akanunua kitabu cha kwetu, na leo ni mzuri. Lakini mjane alikuwa ameshapoteza kikao.

Kuhusu mengine nilisema kwamba sijui chuo cha kwanza, ila najua swali linaloweza kusaidia. Esperansi aje mahakamani siku za vikao, na kila wakili atakayetoka asimuulize alisoma wapi. Amuulize: ni nani aliyesoma kazi yako, akaisahihisha, akakurudishia? Melki alisema hilo si swali, ni mafumbo. Papa Sebastiani alisema aende.

Alikuja wiki iliyofuata, akakaa kwenye ngazi za mahakama. Wa kwanza kuulizwa alikuwa Metre Kashindi, aliyesoma kabla ya vita katika chuo kikubwa cha mbali ambacho wote walikitaja kwanza. Kashindi alikuwa mnene, mkarimu, na hakuwahi kuficha kitu.

"Kunirudishia?" alisema. "Dada, sisi tulikuwa wengi kama dagaa. Profesa minye nilimujua kwa sauti. Nilisikilizia kozi ku dirisha, ju ndani hakuna pa kusimama. Mwaka wa mwisho njo niliona sura yake, nikashangaa, kumbe ni mufupi!"

"Sasa ulijifunzia wapi kuandika, Metre?"

"Kwa wenzangu. Tulikuwa na bantu benye akili sana pale. Leo mumoja ni hakimu, mumoja ni mushauri wa waziri. Nikipiga simu banajibu. Hiyo nayo ni masomo, usiidharau."

Alisema kweli, nami nawaomba msiidharau. Jina la chuo hufungua mlango wa kwanza: mteja asiyekujua hukusikiliza, na anayechagua mahakimu mbali na hapa, mwenye rundo la majina mbele yake, huanza na lile analolitambua. Pia huleta wenzako, na wenzako utakuwa nao maisha yote. Anayesema nafasi ya chuo si kitu, mara nyingi ni mtu ambaye mlango wake ulifunguliwa zamani akasahau.

Wakili wa pili alikuwa mwanamke aliyesoma Bukavu. Yeye alijibu bila kufikiri. Kulikuwa na walimu wawili, alisema, ambao walirudisha kila karatasi ikiwa imejaa masahihisho, na mmoja aliandika chini ya kila kazi swali lile lile: na mwenzako angejibu nini? "Nilimuchukia," alisema. "Hata leo nikiandika namusikia." Wa tatu hakuwa wakili bado, alikuwa mwanafunzi wa Rugenge. Alieleza kwamba walimu wao walitoka Bukavu njia ilipofunguka, wakamaliza kozi nzima katika juma moja, wakatoa mtihani, wakaondoka kabla njia haijafungwa. Hakulalamika. "Bila ile ningekuwa nakaa nyumbani," alisema. "Lakini kurudishiwa, dada, hapana. Mwenye kurudisha ameshaenda."

Esperansi aliniambia jioni ile kwamba anataka Bukavu. Nilimkumbusha habari ya njia. Alisema anaijua njia kuliko mimi, kwa sababu inapita mlangoni kwao.

Kikao cha pili cha jamaa kilikuwa kifupi. Melki aliuliza Bukavu ni ya ngapi. Nilimjibu kwamba kwa rais wa mahakama tuliye naye sasa ni ya tatu, na kwamba anatarajiwa kuhamishwa. Papa Sebastiani aliuliza jambo moja tu: kama wale walimu wawili bado wako. Esperansi alikuwa ameshauliza. Mmoja alikuwepo. "Basi mumoja," alisema baba yake, na shamba likauzwa kwa Bahati, fundi wa kinu cha mchele. Melki alimwambia kaka yake mbele ya watu, "Umeuzisha ya kwanza, umenunua ya tatu." Maneno hayo yalizunguka Bwegera muda mrefu kuliko yalivyostahili.

Njia ya Bukavu mnaijua: Katogota, Kamanyola, kisha mlima. Wakati ule ilikuwa na vizuizi ambavyo waliovishika hawakuwa wale wale asubuhi na jioni. Mwaka wa kwanza alikwenda na kurudi salama. Katika mwaka wa pili mapigano yaliingia Bukavu yenyewe, chuo kikafungwa, na kwa msimu mzima wa mpunga hakuna aliyejua Esperansi yuko wapi. Papa Sebastiani alikuja dirishani kwangu. Alisimama tu, kama mtu anayengoja siku ya kesi, na watu waliokuwa nyuma yake walimpisha pembeni. Alikuja hivyo mara kadhaa. Sikuwa na habari, na sikumpa ya kubuni. Nilisikia Melki ameacha ule mzaha wake wa ya kwanza na ya tatu.

Esperansi alirudi kwa miguu na kundi la akina mama wa sokoni, akiwa mwembamba sana. Alikuwa amejificha kwa masista. Jamaa walitaka abaki. Alibaki hadi chuo kilipofunguliwa, na katika muda huo alikuja ofisini kusoma hukumu za zamani na kuniuliza maswali ambayo mengine sikuyaweza. Kisha akapanda tena Bukavu. Mwaka ule uliharibika, akaurudia. Mwenzake mmoja wa sekondari aliyechagua Rugenge alimaliza kabla yake, bila kukimbia risasi hata moja, akapata kazi katika shirika la misaada. Naandika hili kwa sababu nalo ni kweli. Tulipima vyuo kwa swali zuri, na swali zuri halikuona kila kitu.

Aliapa kuwa wakili miaka kadhaa baadaye, wakati vita vilikuwa vimekwisha kwenye redio. Mteja wake mmoja wa mwanzo alikuwa Bahati, yule fundi wa kinu. Jirani yake, aliyekuwa mkimbizi kwa miaka na sasa amerudi, alidai kwamba nusu ya shamba ni yake, kwa sababu mfereji ulitembea alipokuwa hayupo. Ndiyo, lilikuwa shamba lile lile. Esperansi alimwendea baba yake kwanza, akamuuliza kama itamwumiza. Alinieleza jibu lake: "Mutetee. Shamba ni yake. Minye nilikula pesa zake." Kwa upande wa jirani alisimama Metre Kashindi.

Tulishuka asubuhi. Esperansi alikuwa ameshafika siku zilizotangulia, bila viatu, kuzungumza na wanawake waliolima pande zote mbili, kwa hiyo alijua tayari mteja wake hatashinda yote. Alimwambia Bahati hivyo, na Bahati alimnunia njia nzima. Hata hivyo aliomba mahakama imsikilize mwenye shamba wa zamani. Hakimu alieleza kwamba, kwa kuwa ni baba wa wakili, atasikilizwa kwa taarifa tu, bila kiapo. Papa Sebastiani alisema hata bila kiapo anajua kusema.

"Ulipokuwa na shamba hili," binti yake alimuuliza, akimwita bwana kama sheria inavyotaka, "mfereji ulipita wapi?"

Alitembea, akasimama ndani ya mpunga wa Bahati, hatua chache kutoka ukingo wa sasa. "Hapa," alisema. "Yenye iko kule ni kazi ya jembe. Jirani hakukuwa, tulisafisha peke yetu."

Bahati alitema mate. Jibu lile lilimnyang'anya ukanda mwembamba kwa urefu wa shamba, na liliokoa sehemu iliyobaki, maana jirani alikuwa akidai nusu. Niliandika. Metre Kashindi hakuwa ameridhika. Alitaka kuonyesha kwamba mzee aliuza haraka kwa sababu alijua shamba lina mgogoro.

"Papa, shamba muzuri hivi, uliuzisha kwa nini?"

"Kwa masomo."

"Ya nani?"

Papa Sebastiani alimwonyesha wakili wa upande wa pili kwa kidevu. Majirani wakacheka, na Kashindi naye akacheka, kwa kuwa alikuwa hivyo. Nadhani aliona kesi yake imefika mwisho akaamua kujifurahisha kidogo.

"Na chuo yenyewe ulinunua kwa shamba hii, papa, ilikuwa ya kwanza?"

"Hapana. Bandugu bangu balisema si ya kwanza."

"Sasa ilikuwa ya ngapi?"

Mzee alikuwa bado amesimama ndani ya maji. Alimtazama binti yake, aliyekuwa ameinamia karatasi zake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Sikumbuke," alisema. "Alirudi."

Hakimu aliniambia jibu hilo nisiliandike, halimo katika kesi. Sikuliandika. Tukahamia kona ya pili ya shamba kupima.